Kamera Ijipimiayo Nuru na Kamera Ipimwayo kwa Mkono

Iko picha moja ya harusi, iliyopigwa Lamu, ambayo mwandishi wa makala haya angali ameiweka sandukuni. Wazee saba wamesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, wamevaa kanzu nyeupe na kofia, na jua la saa nne asubuhi limewaangukia. Katika picha hiyo kanzu zaonekana za kijivu, kana kwamba zimefuliwa kwa maji ya tope. Ukuta nao ni wa kijivu. Nyuso za wazee ni giza tupu, hata mtu asiyewajua hawezi kusema ni yupi mwenye ndevu na ni yupi asiye nazo. Yule wa katikati alikuwa ndugu yake babu. Alifariki kabla filamu haijarudi kutoka kwa msafishaji, wala hakuwa amepata kupigwa picha nyingine.

Kamera iliyotumika siku ile haikuwa mbovu. Ilikuwa kamera njema ijipimiayo nuru yenyewe, na ilifanya kazi yake barabara kama ilivyoundwa kufanya. Fundi wa studio aliyeitazama ile negativu dhidi ya dirisha alisema, "Mwanangu, kamera imefanya kama ilivyofundishwa. Wewe ndiwe hukuiambia kitu." Kwa muda mrefu maneno hayo yalikuwa mafumbo kwa mwandishi. Maana yake ndiyo yatakayoelezwa hapa.

Leo picha nyingi hupigwa kwa simu, na simu humwonyesha mpigaji papo hapo kama amefaulu au ameharibu. Walakini wako watu, na vijana wengi miongoni mwao, wanaopenda kununua kamera za filamu za zamani. Filamu haionyeshi kosa mpaka isafishwe, na kila picha ina gharama yake. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la mnunuzi huwa ni hili: Je, yafaa kununua kamera ijipimiayo nuru, au ile ambayo mwenyewe huipima kwa mkono? Wengi hudhani kwamba ya kwanza ni ya mwanafunzi na ya pili ni ya bingwa. Jambo halisi si hivyo.

Kwanza yapasa kujua kamera hupimaje. Filamu huhitaji nuru ya kadiri yake, isizidi mno wala isipungue mno. Nuru hiyo huingia kwa njia ya tundu lililo ndani ya lenzi, ambalo laweza kupanuliwa au kufinywa, na hupita kwa muda ule tu ambao pazia la kamera limefunguka. Ni kama mtu ajazaye debe bombani. Bomba likifunguliwa sana, debe hujaa upesi. Likifunguliwa kidogo, hapana budi angoje. Ukubwa wa debe lenyewe ni wepesi wa filamu, yaani ile namba ya 100 au 400 iliyoandikwa juu ya kopo lake; na filamu ya 400 ni debe dogo, hujazwa kwa robo ya nuru iihitajiyo ile ya 100. Namba za tundu hufuatana hivi: 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na namba ikizidi kuwa kubwa tundu huzidi kuwa dogo. Za pazia huenda 1/60, 1/125, 1/250, 1/500 ya sekunde. Kila hatua moja katika safu hizo mbili huongeza nuru maradufu au huipunguza nusu. Tutaiita hatua hiyo daraja moja.

Sasa, ni nani wa kusema tundu liwe wapi na pazia liende kwa kasi gani? Hapo zamani mpiga picha alikadiria kwa macho na kwa mazoea. Katika mwaka 1932 kampuni ya Weston ya Marekani ilitoa kipimanuru cha mkononi chenye madini ya seleni, ambayo yakipigwa na nuru hutoa umeme kidogo wa kusukuma mshale. Mwaka 1938 Kodak wakatoa kamera iitwayo Super Six-20, iliyokuwa ya kwanza kujiwekea tundu yenyewe, lakini ilikuwa ghali mno na waliomudu kuinunua walikuwa wachache. Mwaka 1959 Agfa wa Ujerumani walitoa Optima, kamera iliyochagua tundu na kasi ya pazia pamoja. Mwaka 1963 Topcon wa Japani wakaweka kipimanuru ndani ya kamera kubwa, kikawa kinapima ile nuru yenyewe ipitayo katika lenzi. Tangu hapo kazi ya Wajapani ilienda mbio.

Kwa kueleza jambo letu tutachukua kamera mbili za kiwanda kimoja, Nikon, ambazo ni kama ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza ni FM ya mwaka 1977, ambayo hupimwa kwa mkono. Ya pili ni FE ya mwaka 1978, ambayo hujipimia. Umbo lao ni karibu moja, lenzi zao ni zile zile, na zote mbili hupima nuru ya kidirisha chote huku zikitilia mkazo duara la katikati. Mwenye FM hutazama kidirishani akaona taa tatu ndogo nyekundu: ya kuzidi, ya kutosha, na ya kupungua. Huzungusha tundu au pazia mpaka iwake ile ya kutosha peke yake. Mwenye FE huweka gurudumu la pazia penye alama ya kujipimia, akachagua tundu alitakalo, na kamera humchagulia kasi ya pazia wakati ule ule abonyezapo kitufe.

Basi tofauti iko wapi? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba kipimanuru cha FM kina hekima ambacho cha FE hakina. Hakina. Vyote viwili vina ujinga ule ule, na ujinga huo ndio ulioharibu picha ya wazee wetu.

Kipimanuru hakijui kinatazama nini. Hakijui kwamba huu ni ukuta wa chokaa, na lile ni buibui, na yule ni mtoto mchanga. Kinajua kiasi cha nuru kinachorudi kwake tu. Kwa kuwa hakina la kujua zaidi, waundaji walikifundisha kudhani kwamba chochote kilicho mbele yake, kikichanganywa chote pamoja, kitakuwa na rangi ya katikati, kijivu kisicho cheupe wala cheusi. Dhana hiyo si mbaya. Shamba lenye miti, udongo, nyasi na watu hukaribia kijivu hicho, na picha zake hutoka vizuri kwa kamera yoyote. Lakini ukikielekeza penye weupe mtupu, husema, "Nuru imezidi," na kuipunguza mpaka weupe uwe kijivu. Ukikielekeza penye weusi mtupu, husema, "Nuru haitoshi," na kuiongeza mpaka weusi nao uwe kijivu.

Ukuta wa chokaa na kanzu mpya hurudisha nuru yapata madaraja mawili kupita kile kijivu cha katikati. Kamera ya harusini ilipoona weupe huo umejaa kidirishani, ilipunguza nuru madaraja mawili. Ngozi nyeusi nayo hurudisha nuru iliyo chini ya kijivu hicho. Kwa mtu mmoja daraja moja, kwa mwingine zaidi. Nyuso zile, ambazo tangu mwanzo zilikuwa upande wa chini, zikasukumwa chini tena kwa madaraja mawili, mpaka mahali ambapo filamu haikuandika kitu. Ndiyo sababu fundi wa studio hakuweza kuziokoa kwa dawa wala kwa karatasi. Kisichoandikwa katika negativu hakipo.

Wapiga picha wa nchi zetu yawapasa kulishika sana jambo hili, maana vitabu vingi vya kamera viliandikwa na watu wa nchi za theluji, na mifano yao ni ya theluji. Kwetu theluji iko katika milima mirefu michache tu, kama Mlima Kenya na Kilimanjaro. Lakini ukuta mweupe, mchanga wa pwani, bati jipya, shuka nyeupe iliyotandikwa nyuma ya mtu apigwaye picha ya kitambulisho, na mbingu yenye mawingu meupe, vyote ni theluji kwa kipimanuru. Na aliyesimama mbele yake mara nyingi ni mtu mweusi, ambaye ndiye hasa tulitaka aonekane.

Dawa yake ni kupima kitu kingine badala ya kile kinachodanganya. Mwenye kamera hukaribia mpaka uso wa mtu ujaze kidirisha, akapima hapo. Kwa kuwa kipimanuru kitataka kuufanya uso kuwa kijivu cha katikati, naye mwenyewe ni mweusi kuliko hivyo, atapunguza daraja moja, au chini kidogo ya hapo. Akipenda hatapunguza kabisa ikiwa ana filamu ya negativu, kwani filamu hiyo huvumilia nuru iliyozidi kuliko iliyopungua. Njia ya pili ni kupima kiganja cha mkono wake mwenyewe kilichowekwa katika nuru ile ile inayomwangukia mtu yule. Viganja vya watu wa rangi mbalimbali hutofautiana kidogo kuliko nyuso zao. Kwa wengi kiganja huwa cheupe kupita kijivu cha katikati, na kwa kiganja cheupe sana tofauti ni kama daraja moja, basi mtu huongeza nuru kiasi hicho. Lakini kila mmoja akijaribu kiganja chake mara moja dhidi ya kadi ya kijivu iuzwayo kwa kazi hii, atajua kadiri yake kwa maisha yote. Asiyekuwa na kadi wala hataki kunyosha mkono mbele ya watu, na apime majani mabichi au udongo mkavu wa njiani ulio katika jua lile lile. Hivyo huwa karibu sana na katikati.

Sasa tofauti ya kamera zetu mbili yaanza kuonekana. Aliyepima kiganja kwa FM huweka tundu na pazia, na vikaa pale pale. Akirudi nyuma na kuwapanga wazee mbele ya ukuta, taa nyekundu itapiga kelele kwamba nuru imezidi, naye hataijali, kwa kuwa anajua kwa nini inasema hivyo. Aliyepima kiganja kwa FE, akirudi nyuma, kamera hupima upya na kuufuata ukuta. Kipimo chake cha kwanza kimekwisha potea. Ni kweli kwamba FE ina dawa zake. Kile kijiti cha kujipigia picha mwenyewe, kikisukumwa kuelekea lenzi na kushikwa hapo, hufunga kipimo kisibadilike. Na liko gurudumu dogo la kuongeza au kupunguza mpaka madaraja mawili. Lakini kijiti lazima kishikwe kwa kidole kwa kila picha. Na lile gurudumu, mtu akilisahau baada ya harusi, litaharibu filamu mbili za safari kabla hajagundua. Mwandishi anayasema haya kwa kuyajua.

Jambo jingine hudhihirika mtu achapishapo picha zote za siku moja. Jua la saa nne huwaangukia wote sawasawa. Bwana arusi aliyevaa joho jeusi, mdogo wake mwenye kanzu nyeupe, na shangazi mwenye leso za rangi, wote wamo katika nuru moja, nao wapaswa kipimo kimoja. FM iliyowekwa mara moja itawapiga wote kwa kipimo hicho, mpaka wingu lipite au watu wahamie kivulini. FE itampa mwenye joho jeusi nuru nyingi na mwenye kanzu nuru kidogo, na wakati wa kuchapisha joho litaonekana limepauka na kanzu imefifia, hata mtu adhani zilipigwa siku mbili mbalimbali. Kwa picha za watu wengi mahali pamoja katika nuru isiyobadilika, kupima kwa mkono ni kazi nyepesi kuliko kujipimia. Hupimwa mara moja, kisha mpiga picha huangalia watu wala haangalii mshale.

Lakini tusiikandamize FE bila haki. Nuru ibadilikapo kila dakika, yeye ndiye bwana. Mtu afuatilie mchezo wa mpira jioni ambapo nusu ya uwanja ina kivuli cha majengo na nusu ina jua; au aende sokoni, atoke barabarani penye jua aingie chini ya maturubai na kutoka tena; au apige picha msimu wa masika, mawingu yakifunua na kufunika jua. Mwenye FM atakuwa akizungusha magurudumu huku lile alilotaka kulipiga limekwisha pita. Picha iliyokosea daraja moja yaweza kutengenezwa wakati wa kuchapisha, bali tukio lililopita halirudi. Aidha FE yaweza kuchagua kasi zilizo kati ya namba na namba, tena inaweza kuhesabu yenyewe hadi sekunde nane usiku. Pazia la FM huishia sekunde moja, na zaidi ya hapo mtu hushika kitufe na kutazama saa yake.

Kuna wasemao kwamba ugomvi huu ulikwisha mwaka 1983, Nikon walipotoa FA, iliyogawa kidirisha vipande vitano na kulinganisha kimoja na kingine kabla ya kuamua. Ni kweli kamera za namna hiyo hukosea mara chache zaidi. Hata hivyo hukisia tu, kwa akili zaidi kidogo. Nazo mpiga picha hawezi kutabiri zitakosea lini. Ujinga wa FM na FE una faida moja, nayo ni kwamba haubadiliki. Mtu akiujua, huufanyia hesabu.

Aina ya filamu nayo ina neno lake. Kwa negativu, ya rangi au isiyo ya rangi, yafaa kuongeza nuru kuliko kuipunguza: mtu hupima sehemu yenye giza anayotaka ionekane, na weupe utajitunza wenyewe kwa kiasi kikubwa. Kwa slaidi mambo hugeuka. Weupe uliozidi nuru hutoka mtupu bila alama hata moja, hivyo hupimwa penye mwangaza, na vivuli huachwa viwe vivuli. Wazee wetu wa Lamu walipigwa kwa negativu. Laiti kamera ingaliongezewa madaraja mawili, hata mawili na nusu, nyuso zote saba zingalionekana na kanzu zisingaliharibika.

La mwisho ni betri. FM ni mashine ya chuma na springi. Betri zake mbili ndogo huendesha kipimanuru peke yake, zikifa kamera bado hupiga kwa kasi zote. FE hutegemea betri kwa pazia lake pia, na zikifa hubakiwa na kasi moja tu, 1/90 ya sekunde, mbali na ile ya kuacha pazia wazi kadiri kitufe kinavyoshikwa. Kwa hiyo aendaye safari na FE na achukue betri za akiba mfukoni, nazo ni za kidogo tu, za namna iwekwayo katika saa na mashine za hesabu.

Na ikiwa hana akiba, bado iko ile kanuni ya wazee wa kazi hii, ambayo haihitaji betri. Katika jua kali lisilo na wingu weka tundu kwenye 16, na kasi ya pazia iwe namba ya filamu yenyewe: filamu ya 100 kwa 1/125, filamu ya 400 kwa 1/500. Jua likififia kwa wingu jepesi, tundu liwe 11. Mawingu yakifunika lakini pakiwa pangali na mwanga, 8. Mawingu mazito, 5.6, kivulini penye uwazi wa mbingu, 5.6 au hata 4. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta kanuni hii huaminika tangu saa tatu asubuhi hadi yapata saa kumi alasiri, kisha jua huanguka upesi na kipimo huanguka nalo. Saa sita mchana kanuni hubaki ile ile, lakini jua huwa utosini na macho ya mtu hujificha katika kivuli cha paji lake au cha kofia yake. Hapo ongeza daraja moja kwa ajili ya uso, au umwombe mzee ahamie barazani, ambako kivuli ni kimoja, na upime upya.